Jina, Nyumba na Sanduku: Tovuti Yetu ni Mali ya Nani?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya wajumbe wa kamati za parokia za wilaya za Tarime na Serengeti. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)

Nimeombwa nizungumze juu ya intaneti, tovuti na barua pepe. Najua baadhi yenu mlipoona maneno hayo kwenye ratiba mlijiambia kuwa hii ni saa ya vijana, wazee wanaweza kutoka kunywa chai. Nawaomba mbaki. Nitazungumzia mali, na kulinda mali ni kazi ya kamati.

Nianze na kisa chetu wenyewe. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na kijana wa kujitolea aliyekaa nasi miezi sita. Alifanya kazi nzuri, tena bila malipo. Alilipia jina la tovuti, lililoishia na .org, kwa kadi yake ya benki. Akajiandikisha yeye kuwa mwenye jina hilo, na akaweka anwani yake ya barua pepe ya chuo alikokuwa anasoma. Hakuwa na nia mbaya. Sisi hatukuwa na kadi, na hakuna aliyeuliza. Akarudi kwao, akamaliza masomo, chuo kikaifunga anwani yake. Taarifa za kulipia jina zikawa zinakwenda mahali ambapo hapana mtu wa kuzisoma.

Mwaka 2016, asubuhi moja, tovuti haikufunguka. Tukadhani ni mtandao wa Tarime unasumbua. Siku ya tatu mweka hazina akasema jambo lililotushtua zaidi: tangu Jumatatu hajapokea barua pepe hata moja. Wakati huo tulikuwa tunasubiri barua ya mfadhili kuhusu tenki la maji la shule, yenye maswali ya kujibiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Barua ilitumwa, ikarudishwa kwa mtumaji. Naye akadhani tumefunga ofisi. Fedha zile zikaenda kwingine, na watoto wakaendelea kubeba ndoo mwaka mzima. Baada ya miezi mitatu hivi anwani yetu ilifunguka tena, lakini ilikuwa imechukuliwa na mtu tusiyemjua, ameweka matangazo ya kamari. Vipeperushi vyetu vyenye anwani hiyo vilikuwa bado vimebandikwa kwenye mbao za matangazo makanisani.

Hatukuibiwa, ndugu zangu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo basi, leo tulifungue daftari.

Vitu vitatu, si kimoja

Tukisema "tovuti yetu" tunadhani ni kitu kimoja. La hasha. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe, bei yake na siku yake ya kuisha. Kuna jina, kuna nyumba, na kuna sanduku la barua.

Jina

Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti ina namba yake. Kompyuta zinapenda namba, watu wanapenda majina. Kwa hiyo lazima awepo wa kujibu swali hili: jina hili lina namba gani?

Fikiri unakwenda Nyamwaga kumtembelea mtu ambaye hujawahi kufika kwake. Ukiwa Tarime mjini unauliza njia ya Nyamwaga. Ukifika Nyamwaga unauliza kitongoji. Kitongojini unaelekezwa kwa balozi wa nyumba kumi, naye anakuonyesha mlango. Hakuna hata mmoja kati yao anayezijua nyumba zote za wilaya, lakini kila mmoja anamjua aliye chini yake. Majina ya intaneti, yanayoitwa majina ya vikoa, hufanya kazi hivyo hivyo. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris, kwani hapo awali majina ya kompyuta zote yaliandikwa kwenye orodha moja, na orodha ilikuwa imeanza kuwa ndefu mno.

Kompyuta ya mfadhili aliye Ujerumani husoma jina letu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kwanza inauliza .tz, yaani Tanzania, iko wapi. Huko inauliza or.tz, kundi la mashirika yasiyofanya biashara. Mwisho inauliza jina la shirika lenyewe, na inapewa namba. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kufumba jicho.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka kuhusu jina. La kwanza, jina halinunuliwi likawa lako milele. Linakodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, kisha linalipiwa tena. Kwa majina ya .org na .com, muda ukiisha msajili anaweza kukushikia jina kwa siku zisizozidi 45. Halafu kuna siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, na baada ya hapo yeyote duniani anaweza kulichukua. Jumlisheni siku hizo mtaona ile miezi yetu mitatu imetoka wapi. Muda wa kulikomboa tulikuwa nao. Ila barua za kutuonya hazikuja kwetu.

La pili, mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye kumbukumbu za msajili. Hata kama parokia ndiyo iliyotoa fedha, kama limeandikwa jina la kijana wa kompyuta, basi mbele ya msajili ni lake. Ni sawa na kununua kiwanja cha kanisa halafu hati ikaandikwa jina la katekista. Akiwa mwema mtaishi kwa amani. Akifariki, mtazungumza na warithi.

Majina yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Mashirika kama letu hutumia .or.tz, na shule hutumia .sc.tz. Ukinunua kwa msajili wa hapa nchini unaweza kulipa kwa shilingi, ukapata risiti ya kuweka kwenye faili, na mambo yakiharibika unampigia simu mtu mnayeelewana lugha.

Nyumba

Jina peke yake ni kibao cha barabarani. Lazima kiwe na nyumba ya kuelekeza. Nyumba ya tovuti ni seva. Seva si kitu cha ajabu. Ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, yenye umeme wa uhakika na njia pana ya mawasiliano. Kurasa zetu na picha zetu zimo humo. Wengi wetu hatumiliki seva nzima. Tunapanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, na kodi hulipwa kwa mwezi au kwa mwaka.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusiiweke kwenye kompyuta ya ofisi. Jibu ni kwamba umeme ukikatika Mugumu, tovuti nayo italala. Nimeulizwa pia kwa nini tusitafute nyumba ya bure. Zipo, na kwa kuanzia si vibaya. Lakini nyumba ya bure ina mwenyewe, naye anaweza kuifunga siku akitaka. Mwezi Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga huduma yake ya GeoCities, iliyokuwa imewapa mamilioni ya watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Ambao hawakuwa na nakala walipoteza kazi yao.

Sasa tuufuate ukurasa unavyosafiri. Mtu akifungua tovuti yetu, seva haitumi ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja. Inaukata vipande vidogo, kila kipande kinaandikwa namba na anwani, na vyote vinaondoka. Vipande hivyo vinaweza kupita njia tofauti, kama wasafiri wa Mugumu kwenda Musoma ambao mmoja atapita Butiama na mwingine atazunguka na Bunda. Vikifika hupangwa kwa namba. Kilichopotea njiani huombwa tena.

Kama seva yetu iko Ulaya, kila kipande kinachokuja Tarime hupita chini ya bahari. Zamani mawasiliano yetu na nje yalitegemea setelaiti, ya polepole na ya bei kubwa. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umefika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Mambo yakawa nafuu. Lakini mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Tovuti iliyo kwenye seva ya Ulaya ilikuwa ikifunguka kama kawaida kwa mfadhili aliye huko, huku katibu wa parokia akihangaika nayo hapa. Iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam hali yake ingekuwa kinyume. Kwa hiyo kabla ya kuchagua nyumba jiulizeni: wasomaji wetu wakubwa wako wapi?

Uzito nao una gharama. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kuwa na megabaiti 4. Kwa modemu za simu ya mezani za zamani, zilizopitisha kilobiti 56 kwa sekunde, picha hiyo ingechukua karibu dakika 10 kushuka. Leo tuna mitandao bora, lakini kuna vijiji vyetu ambako simu bado hushika mtandao dhaifu, na msomaji analipia kila megabaiti kwa salio lake. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 200 inaonekana vizuri kwenye kioo cha simu, na uzito wake ni sehemu moja ya ishirini. Kupunguza picha ni kumhurumia msomaji.

Jambo la mwisho kuhusu nyumba ni nakala. Tovuti nzima inaweza kunakiliwa na kuwekwa kwenye diski ndogo kabatini, mbali na seva. Nyumba ikiungua, mwenye nakala hupanga chumba kwingine na kurudisha vitu vyake siku hiyo hiyo. Asiye na nakala huanza upya.

Sanduku la barua

Ni wachache miongoni mwetu ambao tarishi huwaletea barua mlangoni. Tunatumia S.L.P. Barua inafika posta, inawekwa kwenye sanduku, nayo inakaa hapo mpaka mwenye ufunguo aifuate. Barua pepe haina tofauti kubwa. Tangu mwaka 1971, Ray Tomlinson alipoichagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta, utaratibu umebaki ule ule: upande wa kushoto ni mwenye sanduku, upande wa kulia ni posta yake.

Posta hiyo inajulikanaje? Kwenye kumbukumbu za jina la kikoa kuna mstari unaosema barua zote za jina hili zipelekwe kwenye seva fulani. Kwa hiyo nyumba na sanduku vinaweza kuwa kwa watu wawili tofauti, lakini vyote viwili vinategemea jina. Seva ya barua ikizimika kwa saa chache, seva ya mtumaji kwa kawaida hujaribu tena kwa siku kadhaa, na barua haipotei. Lakini jina lenyewe likifutwa, barua hurudishwa mara moja. Ndicho kilichotupata sisi. Aidha, mkihamisha tovuti kwenda kwa mwenye nyumba mwingine, mwambieni fundi asiuguse mstari wa barua bila kuwauliza. Wengi wamehamisha nyumba wakasahau sanduku.

Hapa nawaomba waweka hazina wanisikilize kwa makini. Nyuma ya bahasha ya kawaida mtu anaweza kuandika jina lolote la mtumaji, na posta haimuulizi. Barua pepe nayo ilijengwa hivyo. Mtu aliye mbali anaweza kutuma barua yenye anwani ya mwenyekiti wenu, ikamwambia mfadhili: "Tumebadilisha benki, tuma fedha kwenye akaunti hii mpya." Upo ulinzi. Fundi anaweza kuandika kwenye kumbukumbu za jina ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua zetu, na kila barua ikapigwa mhuri wa siri. Mwambieni aweke SPF na DKIM, atawaelewa. Lakini ulinzi huo haumzuii mwizi aliyepata neno la siri la katibu, kwani huyo anatuma barua kutoka sanduku letu lenyewe. Ndiyo maana tuwe na kanuni moja isiyo na msamaha: akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe peke yake. Lazima ipigwe simu, kwa namba iliyokuwa inajulikana tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Nani anaingia nyumbani mwetu

Mabwana na mabibi, sasa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko fedha. Sanduku lina ufunguo. Tovuti haina, na yeyote anaweza kuingia.

Katika wilaya zetu, mwezi Desemba ndio mwezi wa hofu kwa mabinti wengi. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu mwaka 1998, lakini ninyi mnajua kinachoendelea vijijini, na mnajua mabinti wanaokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Intaneti imewasaidia. Kupitia mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, watu wa kujitolea wa nchi nyingi wamekaa kwenye kompyuta zao wakichora barabara na nyumba za vijiji vya Tanzania kutoka kwenye picha za setelaiti. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Bi. Rhobi Samwelly, limezitumia ramani hizo katika kuwafikia wasichana walio hatarini, kwani gari la kuokoa likitumwa usiku bila ramani linaweza kupotea.

Lakini njia inayomfikisha mwokozi inaweza kumfikisha pia anayemtafuta binti kwa ubaya. Tunapenda kuwaonyesha wafadhili kazi yetu, nao wanapenda kuiona. Tunapiga picha ya binti, tunaandika jina lake, kijiji chake na darasa lake, tunaiweka kwenye tovuti. Tunadhani anayesoma ni mfadhili wa Uholanzi peke yake. Siku hizi mjomba wake aliyeko Sirari naye ana simu janja. Isitoshe, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani, kama sehemu hiyo imewashwa. Anayejua kuisoma anaipata nyumba bila kumuuliza balozi. Na picha ikishanakiliwa na wengine, kuifuta kwetu hakusaidii.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Lakini hata isingekuwepo sheria, binti aliyetukimbilia tumeahidi kumficha. Hatuwezi kumficha kwa mkono mmoja na kumtangaza kwa mkono mwingine.

Mapendekezo kwa kamati

Naomba mambo yafuatayo yaingie kwenye muhtasari wa kila kamati:

1. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la parokia au shirika, si la mtu. Anwani ya kupokea taarifa iwe ya ofisi, na isomwe na watu wasiopungua wawili. Isiwe anwani inayotegemea jina hilo hilo, kwani jina likifa nayo itakufa.

2. Daftari moja lionyeshe msajili wa jina, mwenye seva, mwenye huduma ya barua, bei ya kila kimoja na tarehe ya kuisha. Mweka hazina alisome kwenye kikao cha kila robo mwaka.

3. Gharama hizi ziingie kwenye bajeti ya kawaida kama umeme na maji, zisisubiri mradi.

4. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa kwenye sefu. Mtumishi akihama, yabadilishwe siku anapokabidhi ofisi.

5. Nakala ya tovuti ichukuliwe kila mwezi.

6. Picha ya mtoto isiwekwe bila ridhaa ya mlezi na idhini ya kamati. Ya binti aliye nyumba salama isiwekwe kabisa, hata akiwa anatabasamu.

Neno kwa wafadhili

Nanyi wafadhili wetu, nina maombi mawili. Mnapotoa fedha za kutengeneza tovuti, toeni pia za kuitunza kwa miaka inayofuata, au mtuulize tutazipata wapi. Tovuti iliyojengwa kwa shangwe na kufa baada ya miaka miwili haimsaidii mtu. Na msipoona uso wa binti kwenye kurasa zetu, msidhani kazi imesimama. Tutawaonyesha mlango uliopakwa rangi, mikono inayoshona, madawati yaliyojaa. Uso wake ni wake.

Jina letu la zamani hatukulipata tena. La sasa linaishia na .or.tz, limeandikwa kwa jina la shirika, na tarehe yake ya kuisha iko kwenye daftari ambalo mweka hazina amelishika hapa mbele yenu. Tenki la shule nalo lilijengwa, ila kwa kuchelewa mwaka mzima. Kila nikilipita nakumbuka kwamba mwaka ule ulipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza swali dogo: limeandikwa kwa jina la nani?

Mkirudi parokiani, lianzeni swali hilo.